Ratiba ya chakula ya wiki kwa hela ndogo, tunavyofanya huku Mtwara

Mara ya kwanza kuandika ratiba ya chakula niliandika kwenye daftari la mwanangu, kurasa mbili nzima, na mistari nikapiga kwa rula. Jumatatu wali na changu wa kukaanga, Jumanne ugali na maharage, Jumatano ndizi nyama, hivyohivyo mpaka Jumapili pilau. Ukiiangalia unafurahi. Jumatatu yenyewe nikateremka feri, soko letu la samaki, kumbe upepo umekaza siku ya pili, wavuvi hawajatoka, changu waliokuwepo wanahesabika na bei yake unapata jogoo. Mi na akili yangu nikanunua, si imeandikwa. Kufika Jumatano hela imekata. Alhamisi usiku tukanywa uji, mama mkwe akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, kwani daftari linasemaje leo?"

Nilicheka ila iliniuma. Basi tangu siku hiyo nikabadilisha namna ya kuandika na ndo nataka niwaelekeze hapa, maana naona wengi tunaandika ratiba afu baada ya wiki moja tunaitupa tunasema ratiba ni za watu wenye friji. Sio kweli. Mi sina friji.

Kitu chenyewe ni hiki: usiandike jina la chakula, andika nafasi. Yani siku ya Jumatatu usiandike mbaazi, andika "jamii ya maharage". Ukifika sokoni ukikuta kunde ndo rahisi utachukua kunde, ukikuta choroko chukua choroko, zote zinakaa nafasi ileile. Usiandike changu, andika "kitoweo". Usiandike mchicha, andika "majani". Nafasi zangu ziko nne tu, cha kushibisha (ugali, wali, mihogo, viazi), jamii ya maharage, majani, na kitoweo. Kila siku lazima iwe na cha kushibisha na majani, hiyo haina mjadala. Halafu jamii ya maharage inakaa siku nne, kitoweo siku tatu, na kwenye hizo siku tatu mbili ni dagaa. Imeisha, ratiba ya nyumbani kwangu inaenea nyuma ya risiti ya dukani.

Sisi tuko sita, mimi, baba watoto, mama mkwe na watoto watatu, mkubwa ana miaka 13 na huyo msimhesabu kama mtoto, anakula kama fundi ujenzi. Kwa wiki najipangia elfu 60 bila mkaa. Karibu elfu 42 inaenda kwenye vitu vikavu mara moja Jumamosi: sembe kilo 7, mchele kilo 4, unga wa muhogo kilo 3, mbaazi au kunde kilo moja, choroko nusu, mafuta lita moja, sukari kilo, nazi nne. Iliyobaki naigawa siku saba, inakuja kama elfu mbili na mia tano kwa siku, hiyo ndo ya nyanya, vitunguu, majani, mihogo ya asubuhi na kitoweo. Bei ni za dukani kwetu wakati naandika, kwako zitacheza, ila mgawanyo ndo uushike, kikavu kwanza. Ukianza na samaki ukasema unga utanunua kila siku robo robo umekwisha, robo robo ndo inayokula hela za watu na hawaioni.

Sasa kabla ya kwenda sokoni angalia mwezi. Nasema mwezi wa juu, sio wa kalenda. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku, na taa inawavuta kukiwa giza, kukiwa na mbalamwezi taa haina kazi, wavuvi wengi wanapumzika na dagaa wanaadimika. Kwa hiyo mi nanunua dagaa wakavu wa kutosha kipindi cha giza, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, mbalamwezi ikifika nina akiba sina haja ya kubishana na mtu. Na Mungu si Athumani, mwezi mpevu ukiwaka dagaa wanaondoka lakini maji ya bamvua yanakuja, bahari inakupwa mbali, kina mama wanashuka kuokota kombe na tondo, na vijana pweza wadogo. Ukiwa Mikindani au huku Shangani siku hizo nafasi ya kitoweo unaijaza kwa hela ya kitunguu. Hapo ndo uone faida ya kuandika "kitoweo" badala ya "dagaa".

Na kalenda ya kawaida nayo ina mambo yake. Mbaazi mbichi zinaingia kuanzia Julai hivi, ukizila mbichi huna haja ya kuloweka wala kumaliza mkaa. Oktoba mpaka Desemba ni hela ya korosho, watu wanakula vizuri hata wasiolima, maana hela inazunguka. Kazi iko Januari mpaka Machi, mahindi bado shambani, unga umepanda, ada zimelipwa, hapo ndo ratiba inakuwa ratiba. Mi kwenye mwezi wa kumi na moja natenga ndoo mbili za mbaazi kavu naweka na majivu kidogo wadudu wasiingie, naziona kama benki. Mnakumbuka 2017 India ilivyoweka kikomo cha mbaazi wanazonunua nje bei ikaporomoka huku kwetu mpaka wakulima wakachanganyikiwa? Ilikuwa huzuni kwa waliolima lakini sisi wa mjini tulikula mbaazi mpaka watoto wakaanza kuzikimbia, na ndo mwaka nilijifunza kuzipika kwa kila namna.

Tuanze na hizo mbaazi basi, maana ukizijua hizi umeijua nusu ya kazi.

Chukua nusu kilo ya mbaazi kavu. Pepeta kwenye ungo, toa mawe, hapa usifanye haraka, jino ni ghali kuliko mbaazi. Osha, loweka usiku kucha maji yazizidi vidole vinne. Asubuhi maji hayo mwaga, weka maji mapya, bandika. Usiweke chumvi sasa hivi. Wala ndimu wala nyanya, ukiweka kitu kichachu mapema zinakaza zinakuwa kama kokoto. Zilizolowekwa zinaiva kama saa moja, zisizolowekwa utakaa mpaka mara mbili yake na mkaa unateketea. Wapo wanaotia magadi ziive haraka, zinaiva kweli ila mi ladha ya magadi siipendi na yanaua baadhi ya virutubisho, afadhali kuloweka ambako ni bure.

Zikiiva, na hapa ndo penyewe, usiziunge zote. Gawa sufuria mbili. Nusu ya kwanza ndo ya leo usiku: chukua nazi moja ikune kwenye mbuzi, kamua tui zito weka pembeni, ongeza maji vuguvugu kamua tena tui jepesi. Tui jepesi mimina kwenye mbaazi pamoja na kitunguu, nyanya moja, bizari kidogo na chumvi, ichemke mpaka rojo ianze kushikana. Mwisho kabisa mimina lile zito, punguza moto, koroga taratibu bila kuacha mpaka lichemke kidogo, ukiacha lichemke ovyo linakatika unapata mafuta juu na maji chini. Mama mkwe anakaa na kigoda pembeni ya jiko anakoroga kwa mwiko upande mmoja tu, hageuzi, nikimuuliza anasema ndo alivyoonyeshwa, mi nakoroga huku na huku na linatoka sawa tu ila sijawahi kumwambia.

Nusu ya pili usiitie chochote. Hakuna nazi, hakuna chumvi, hakuna kitunguu. Sababu ni kwamba kwa joto letu hili kitu chenye nazi kikilala bila friji kinachacha, kufika asubuhi kina povu. Mbaazi tupu usiku kabla ya kulala zichemshe tena mpaka zitokote vizuri, funika, usifunue tena na usichovye kijiko, asubuhi zichemshe tena. Hivyo zinavuka usiku. Ukikuta povu au zinavuta kama ute au harufu imegeuka usijaribu kuokoa kwa viungo, mwaga. Nilishawahi kujifanya mjanja nikaziunga na pilipili nyingi, watoto wawili waliharisha, hela ya dawa ilizidi ya mbaazi za mwezi.

Asubuhi hizo tupu unazikaanga na kitunguu na mafuta kijiko, mihogo ya kuchemsha pembeni, chai ya rangi, watoto wanaenda shule wameshiba kweli sio lile andazi moja linaloisha njiani. Au unazisubirisha mchana unatia nazi mpya. Umewasha mkaa mrefu mara moja umekula mara mbili. Kunde na choroko ni hivyohivyo, choroko zenyewe wala hazihitaji kuloweka sana. Maharage yachemke kwelikweli kwanza yasiliwe nusu mbichi, yana sumu yake tumboni.

Dagaa sasa. Kosa kubwa watu wanawatupa kwenye mchuzi moja kwa moja wanakuwa wachungu afu mtoto anasema hapendi dagaa. Toa vichwa (kuku watakula), osha kwa maji ya moto mara mbili haraka mchanga utoke, kausha, halafu kaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta, unageuza mpaka wanalia wakigusana na harufu inageuka inakuwa ya karanga. Hapo ndo mafuta vijiko viwili, kitunguu, nyanya. Msimu wa embe katia embe mbichi badala ya ndimu, au ukwaju, uchachu unakata shombo. Maji kidogo tu. Mfupa wake unaliwa wote na ndo wenye kalsiamu, watoto wa miaka miwili mi nawasagia kwenye kinu nachanganya na uji au mbaazi hawajui hata wanakula nini.

Kitoweo cha siku ya tatu nikikikosa pazuri naenda kuuliza vichwa. Kichwa cha nguru au cha kolekole kikubwa wanaouza minofu wanakiachia kwa bei ndogo, ukikipasua ukachemsha na ndimu, tangawizi, nyanya na bamia unapata mchuzi wa watu sita na nyama ya shavu ya kugombania. Nyama ya ng'ombe kwetu ni mara moja kwa mwezi na hamna aliyekufa.

Hapa kwenye unga wa muhogo naomba mkae vizuri, maana hili sio la hela tu. Muhogo ni rahisi, unakubali ardhi yetu, na Januari ndo unatuvusha. Lakini muhogo mchungu una sumu, na mwaka wa ukame hata ule mnaouzoea sumu yake inapanda. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa na haurudi nyuma, unawapata zaidi watoto na kina mama, na hapa mkoani kwetu ulishaonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukusindikwa vizuri, kila siku, bila maharage wala samaki pembeni. Kwa hiyo ile nafasi ya mbaazi na dagaa kwenye ratiba sio pambo.

Ukitengeneza mwenyewe menya, loweka siku tatu nne mpaka ulainike, anika ukauke kabisa, ndo utwange. Ule wa kumenya na kuanika tu siku moja mbili ndo wenye mashaka. Shida unga wa sokoni hujui umepitaje, basi fanya hivi, ni njia ya wataalamu na haigharimu kitu: unga wako changanya na maji kwenye beseni mpaka ulowe wote, tandaza kwenye sinia au mkeka safi unene usizidi sentimita moja, yani kama unene wa kidole kidogo, acha juani kwa muda wa saa mbili, au kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inaondoka na hewa. Ukishamaliza muda huo songa ugali palepale siku hiyohiyo, usisubiri ukauke. Majirani walikuwa wananishangaa naanika unga uliolowa kama mtu aliyemwagikiwa, sasa hivi watatu wanafanya.

Na mi siusongi mtupu, nachanganya mafungu mawili sembe na moja muhogo. Maji yakichemka unatanguliza sembe iive kidogo, unamalizia na wa muhogo, unanata vizuri na hauhitaji unga mwingi. Mama mkwe ambaye kwao Newala anasema ugali wa mahindi matupu ni chakula cha bweni.

Kisamvu kinaenda haraka maana wote mnakijua, ila twangeni, msikatekate kwa kisu mkasema imetosha, kutwanga ndo kunaitoa sumu ya majani na kuchemsha sufuria ikiwa wazi dakika ishirini na zaidi. Nazi ikipanda bei, korosho zilizovunjika, zile ndogondogo ambazo wabanguaji wanauza kwa kikombe, nikitwanga konzi mbili nikatia kwenye kisamvu hamna atakayeuliza nazi iko wapi. Karanga pia. Matembele, majani ya kunde na mlenda ni dakika kumi tu, usiyachemshe mpaka yawe meusi. Na kama una hata mita mbili za uwanja panda matembele pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo, mi majani siku nne kati ya saba nachuma mlangoni.

Asubuhi ni mihogo, viazi vitamu, magimbi au uji wa karanga, zamu kwa zamu. Kiangazi ming'oko (viazi vya porini) ikipita kwenye beseni za kina mama naichukua, watoto wanaipenda na chumvi na pilipili.

Mkaa niliuacha mwisho kwa sababu ndo unaovunja ratiba za wengi, unapanga chakula cha elfu tano unakipikia mkaa wa elfu tatu. Mpango wangu ni mmoja, jiko likiwashwa halipoi bure. Kinachochukua muda mrefu kinaanza moto ukiwa mkali, kisha wali au ugali, kisha majani, na makaa ya mwisho yanachemsha mbaazi za kesho au maji ya chai yanaingia chupani. Halafu kuna kapu. Chukua kapu kubwa au boksi, zungushia blanketi kuukuu ndani, mbaazi zilizolowekwa zichemshe dakika ishirini thelathini zikiwa zinatokota, funika sufuria vizuri, iingize kwenye kapu ikiwa ya moto hivyohivyo na uifunike juu na mto au nguo nyingi. Acha kwa muda wa saa tatu mpaka nne bila kuchungulia. Utakuta zimelainika, unazibandika tena dakika chache zitokote, unaunga. Baba watoto siku ya kwanza alikuta sufuria imevishwa koti lake la mvua na blanketi akaniuliza kama ina homa.

Kuhusu kiporo, wali uliobaki usilale mezani, kula usiku uleule au mpe anayechelewa kurudi. Ugali uliobaki ndo unafaa, unakatwa vipande asubuhi unapitishwa kwenye mafuta kidogo na kitunguu, mtoto wangu wa kati anauita chipsi za bibi.

Jumamosi kabla sijatoka nafungua ndoo na makopo yote, naandika kilichobaki kwanza, ndo naandika cha kununua. Kuna wiki nimekuta choroko za kutosha siku mbili nilizokuwa nimezisahau, hela yake ikaenda kwenye vichwa vya nguru.

Sa hivi ni Jumatano usiku, mwezi ni mkubwa nje kama taa ya uwanjani, kwa hiyo kesho sitegemei dagaa wabichi. Kwenye risiti ya wiki hii Alhamisi imeandikwa cha kushibisha, jamii ya maharage, majani. Kunde ziko kwenye bakuli tayari zimeshaanza kuvimba, na mama mkwe kashanitangulia kuniambia nazi ya kesho tuikune sisi wawili, kuna mwiko anataka kunionyesha unavyozungushwa.